Hukumu za kifo zisizotekelezwa: tunabishania nini hasa?

Tanzania ilimnyonga mtu mara ya mwisho mwaka 1994. Kenya ilikuwa 1987, katika gereza la Kamiti, hukumu zilipotekelezwa kwa askari waliotiwa hatiani kwa uhaini baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Tangu hapo kamba zimetulia, lakini hukumu hazijatulia. Magazeti ya nchi zote mbili hayakaukiwi habari ya mtu aliyehukumiwa kunyongwa hadi kufa.

Mada hii ikiletwa redioni, kipindi hugawanyika upesi. Huku watu wa haki za binadamu, kule watu wa "aliyeua naye auawe", saa nzima inapita na kila mtu anaondoka na lake. Tatizo ni kwamba wanajibu maswali matatu tofauti wakidhani wanajibu moja. Swali la kwanza: sheria iruhusu adhabu ya kifo au isiiruhusu kabisa? La pili: ikiruhusiwa, je, iwe ya lazima, yaani jaji asiwe na adhabu nyingine ya kutoa? La tatu: waliokwishahukumiwa na hawanyongwi, wafanywe nini? Mtu anaweza kusema "ndiyo" kwa la kwanza na "hapana" kwa la pili bila kujipinga. Majaji wa Kenya na Uganda wamefanya hivyohivyo.

Tuanze na la pili, maana ndilo lenye watu wengi ndani yake.

Jaji asiyekuwa na la kuchagua

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika vifungu ambavyo wanasheria wamevizoea kwa namba 196 na 197, inasema anayesababisha kifo cha mtu kwa nia ovu na kwa kitendo kisicho halali ametenda kosa la kuua kwa kukusudia, na akitiwa hatiani atahukumiwa kifo. Neno lenye uzito hapo ni "atahukumiwa". Kwa makosa mengine, baada ya kumtia mtu hatiani, jaji huuliza upande wa Jamhuri kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma, kisha humpa wakili wa utetezi nafasi ya kuomba adhabu ipunguzwe: mteja wangu ni kijana, ni mkosaji wa mara ya kwanza, ana watoto wanne, amekaa mahabusu miaka mitano. Katika kesi ya kuua kwa kukusudia maneno hayo hayana pa kwenda. Adhabu ni moja, na jaji anaisoma.

Sheria imewatoa wachache tu. Mwanamke mjamzito hupewa kifungo cha maisha. Aliyekuwa chini ya miaka 18 siku ya tukio huwekwa kizuizini kwa ridhaa ya Rais. Anayethibitika kwamba hakuwa na akili timamu wakati wa kitendo hapelekwi kwenye kamba. Huenda kwenye uangalizi wa wagonjwa wa akili, kama ule wa Isanga mjini Dodoma.

Hata hivyo ugumu wenyewe uko kwenye neno "kukusudia". Mtaani kuua kwa kukusudia ni mtu aliyekaa akapanga, akanunua sumu, akangoja usiku. Kwenye sheria nia ovu ni pana kuliko hivyo. Inatosha kwamba ulikusudia kuua, au ulikusudia kumdhuru mtu vibaya, au ulijua kitendo chako kinaweza kabisa kuleta kifo na bado ukakifanya, au mtu alikufa wakati wewe unatenda kosa jingine zito. Nia haionekani kwa macho, kwa hiyo mahakama huisoma kwenye vitendo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Enock Kipela, iliorodhesha mambo ya kuangalia: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshtakiwa kabla au baada ya tukio, na mwenendo wake kabla na baada.

Weka watu wawili mbele ya kipimo hicho. Wa kwanza amemuua baba yake mdogo kwa ajili ya shamba: amekodi mtu, amelipa nusu kabla, nusu baada. Wa pili amegombana kilabuni na mwenzake aliyekunywa naye tangu mchana, akakimbilia panga lililokuwa mlangoni, akampiga nalo kichwani mara mbili, kisha akakaa palepale analia mpaka mgambo wakaja. Panga ni silaha hatari, kichwa ni sehemu nyeti, mapigo ni mawili. Wakili wake atajitahidi kuonyesha kwamba alichokozwa na hakupata muda wa hasira kupoa, au kwamba ulevi ulimwondolea uwezo wa kukusudia. Akifanikiwa, kosa linashuka kuwa kuua bila kukusudia, na hapo adhabu inaweza kuwa chochote, kuanzia kuachiwa kwa masharti hadi kifungo cha maisha. Asipofanikiwa, anapata hukumu ileile ya aliyekodi muuaji. Kati ya makosa hayo mawili hakuna ngazi. Jaji anayeona kwamba mtu huyu ana hatia lakini hastahili kifo hana kalamu ya kuandikia hilo.

Wanaotetea adhabu ya lazima wana hoja, na si ya kubezwa. Wanasema: mpe jaji uhuru wa kuchagua, na utaona tajiri mwenye mawakili watatu akipata miaka 10 huku maskini aliyepewa wakili na serikali siku chache kabla ya kesi akinyongwa kwa kosa lilelile. Adhabu moja kwa wote huziba mianya ya rushwa na upendeleo, na inamwambia kila mtu kwamba roho ya bodaboda ina thamani sawa na roho ya waziri.

Udhaifu wa hoja hiyo ni kwamba uhuru wa kuchagua haufutiki kwa kumnyang'anya jaji. Unahama tu. Unakwenda kwa mwendesha mashtaka anayeamua kufungua shtaka la kuua kwa kukusudia au bila kukusudia, na anayeweza kukubali mshtakiwa akiri kosa dogo. Uamuzi huo hufanyika ofisini, bila sababu kuandikwa kwenye hukumu, na hauna rufaa. Ukilinganisha na jaji anayeamua hadharani, akaandika sababu na kukaguliwa na majaji watatu wa rufaa, sioni ni vipi njia ya ofisini inapunguza upendeleo. Katika swali hili la pili, nadhani upande mmoja umeishiwa.

Mahakama nyingi za kanda hii zimefika hapohapo, kwa mwendo wa kurudi nyuma na kwenda mbele. Uganda ilitangulia: kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400 ilifika Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 21 Januari 2009 ilisema adhabu ya kifo yenyewe ni halali lakini ulazima wake unavunja katiba. Kenya iliyumba zaidi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa iliyokaa Mombasa, katika kesi ya Mutiso, iliukataa ulazima. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo, ikiwa na jopo la majaji watano, ikaurudisha katika kesi ya Mwaura. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Upeo ikaumaliza ubishi kwa kesi ya Muruatetu: kifo kibaki kama adhabu ya juu kabisa, lakini jaji lazima amsikilize mtu kabla ya kumhukumu.

Tanzania imebaki na ulazima wake, ingawa mahakama iliyousema kwa ukali zaidi iko ndani ya mipaka yake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua tarehe 28 Novemba 2019 katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya lazima inavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kama njia ya kuua kunavunja utu. Ikaipa serikali mwaka 1 kuurekebisha ulazima huo. Mwezi huohuo Tanzania ilitoa taarifa ya kuliondoa tamko linaloruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Simu moja, mipaka miwili

Kabla ya kuacha suala la ulazima, kuna kona ya sheria ya Kenya ambayo wengi hawaijui mpaka imguse ndugu yao. Wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2), nao adhabu yake iliyoandikwa ni kifo. Na masharti yake hayahitaji mtu afe. Hayahitaji hata damu. Inatosha moja kati ya haya: mwizi alikuwa na silaha hatari, au alikuwa na mwenzake mmoja au zaidi, au alimpiga au kumdhuru mtu wakati wa wizi. Ni "au", si "na". Vijana wawili wasio na kitu mkononi, wakimkaba mtu wakamnyang'anya simu, wameingia kwenye kifungu hicho kwa sababu tu walikuwa wawili.

Vuka Namanga uingie Tanzania. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, na ule wa kundi nao huadhibiwa kwa kifungo. Ni kirefu mno kwa simu, na kuna ubishi wake, lakini si kifo.

Baada ya Muruatetu, mahakama za chini nchini Kenya zilidhani mlango umefunguka kwa makosa yote yenye adhabu ya lazima. Wafungwa wa wizi wa mabavu na hata wa makosa ya ubakaji wakafurika na maombi ya kuhukumiwa upya, na wengi wakapunguziwa. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Upeo ikatoa mwongozo wa pili: tulizungumzia kuua kwa kukusudia peke yake, makosa mengine yasubiri kesi zake mahsusi. Matokeo yake ni jambo ambalo hata mtetezi wa kamba hawezi kulieleza bila kukwama. Aliyeua anasikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Aliyeiba simu akiwa na mwenzake, sheria iliyoandikwa haimpi nafasi hiyo.

Je, dola iue kabisa?

Hapa ndipo watu waaminifu wanapotofautiana.

Hoja nzito kuliko zote upande wa kuibakiza ni stahili: kuna vitendo ambavyo adhabu nyingine yoyote inaonekana kama dharau kwa aliyekufa. Mauaji ya watu wenye ualbino ndiyo mfano ambao hakuna anayeweza kuukwepa. Septemba 2009, katika kesi iliyosikilizwa Kahama, wanaume watatu walihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino ili wauze viungo vyake. Mwambie mama wa mtoto kama huyo kwamba muuaji atakula ugali wa serikali mpaka azeeke. Wanaopinga adhabu ya kifo mara nyingi hukimbilia takwimu ili wasimjibu mama huyo, na msikilizaji analiona hilo.

Hoja ya pili, kwamba kamba inawatisha wauaji, ni dhaifu kuliko inavyosikika, na inaangukia pande zote mbili. Kwetu haipimiki: nchi ambayo haijamnyonga mtu kwa zaidi ya miaka 30 haiwezi kusema kamba yake inatisha. Marekani, ambako hukumu hizo hutekelezwa, hasa kwa sindano ya sumu, na wana takwimu za majimbo yote, Baraza la Taifa la Utafiti lilipitia tafiti zilizofanyika tangu 1976 na mwaka 2012 likasema haziwezi kutuambia kama adhabu hiyo inapunguza mauaji, inaongeza, au haigusi kitu, na zisitumike kutungia sera. Kwa hiyo anayesema "imethibitika inatisha" na anayesema "imethibitika haitishi" wote wamevuka ushahidi.

Kuna hoja ya tatu ambayo haisemwi sana kwenye semina lakini inasemwa sana kijiweni: dola ikilegea, watu watajichukulia sheria mkononi. "Wananchi wenye hasira kali" wana tairi na petroli tayari. Hofu hiyo ina msingi. Ila ukitazama wanaouawa na umati, wengi ni wezi wa kuku na wa pikipiki, makosa ambayo hata sheria kali haiyapi kifo. Hasira ya umati hutokana zaidi na mtu kukamatwa leo na kuonekana mtaani kesho. Kamba haitibu hilo.

Upande wa kuifuta, hoja isiyo na jibu kamili ni makosa ya ushahidi. Kesi nyingi za mauaji hutokea usiku, na mashahidi ni majirani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina zote, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wa kukosea umeondolewa. Kwa hiyo wakili mzuri humwuliza shahidi maswali ya namna hii: Mwanga ulitoka wapi? Taa ilikuwa ya umeme, ya sola au kibatari? Ilikuwa upande gani wa chumba? Ulikuwa umbali gani na ulimtazama kwa muda gani? Ulimjua kabla, na kwa nini? Kuna swali la mwisho linaloangusha kesi nyingi: jirani wa kwanza alipofika, ulimtaja mtu huyu kwa jina? Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita mahakama hiyo ilisema kumtaja mshukiwa mapema iwezekanavyo ni dalili ya kuaminika, na kuchelewa bila sababu kunatia shaka.

Sasa fikiria wakili asiyeuliza. Shahidi anasema "nilimwona vizuri", inaandikwa "alimwona vizuri", na kwenye rufaa majaji watatu wanasoma karatasi isiyosema kibatari kilikuwa wapi. Wanaotetea adhabu hii hujibu kwamba ndiyo maana kuna rufaa na mapitio, na kwamba hata miaka 30 ya gerezani hairudishwi kwa asiye na hatia. Ni kweli, hairudishwi. Lakini mfungwa aliye hai anaweza kuandika barua nyingine.

Katiba nayo haijasema waziwazi. Ibara ya 14 ya Katiba ya Tanzania inatoa haki ya kuishi "kwa mujibu wa sheria", na ibara ya 13(6)(e) inakataza adhabu za kinyama na za kumtweza mtu. Mwaka 1994, katika kesi ya Mbushuu, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alisema adhabu ya kifo inavunja katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba ni ya kinyama, kisha ikaiokoa kwa ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kubana haki kwa manufaa ya umma. Kuifuta, ikasema kwa maana hiyo, ni kazi ya jamii kupitia Bunge. Watu wengi hudhani mahakama iliisifia. Haikufanya hivyo. Iliiita ya kinyama na ikaiacha.

Dini nazo hazimalizi ubishi. Anayenukuu Mwanzo 9:6 atajibiwa kwamba Agosti 2018 Papa Francis aliibadili Katekisimu ya Kanisa Katoliki na kuiita adhabu ya kifo isiyokubalika. Anayenukuu kisasi katika Surat al-Baqara, aya ya 178, asiishie katikati: aya hiyohiyo inafungua mlango wa msamaha na malipo kwa wema. Diya, yaani fidia inayolipwa kwa familia ya aliyeuawa, ni jambo lenye uzito kwenye mjadala huu kwa sababu inampa sauti mtu ambaye mfumo tuliourithi kwa Waingereza haumpi. Katika mahakama zetu familia ya marehemu ni mashahidi tu. Kesi ni ya Jamhuri. Katika mfumo wa kisasi na diya wao ndio waamuzi. Julai 2025 Mkenya mmoja aliyehukumiwa kifo Saudi Arabia aliachiliwa baada ya diya ya riyal milioni 3.5 kulipwa. Na mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kusuluhishana na fidia kutolewa, wakiwemo ngamia na mbuzi. Kasoro ya njia hii haihitaji darubini: asiye na ndugu wa kuchanga riyal milioni 3.5 atakufa, mwenye nao ataishi.

Majirani wamekwenda njia zao. Rwanda iliifuta mwaka 2007, na sababu mojawapo ilikuwa ya kiutendaji kabisa: ilitaka watuhumiwa wa mauaji ya kimbari waliokuwa Ulaya na waliokuwa mbele ya mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha warudishwe wakashtakiwe nyumbani, na hakuna ambaye angewapeleka kwenye kamba. Kikwazo hicho kinazigusa Kenya na Tanzania mpaka leo. Sheria ya Uingereza ya 2003 inamkataza waziri kumtoa mtu kwa nchi inayoweza kumhukumu kifo, mpaka apate ahadi ya maandishi kwamba hatauawa. Burundi iliifuta mwaka 2009, Zambia Desemba 2022. Kongo imegeuka upande wa pili: Machi 2024 serikali ilitangaza mwisho wa usitishaji uliodumu tangu 2003, ikitaja uhaini jeshini na magenge ya mijini.

Kalamu isiyoshuka

Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Tanzania, rufaa ikishakataliwa, mwenendo wa kesi na taarifa ya jaji hupelekwa kwa Rais. Ibara ya 45 ya Katiba inampa uwezo wa kusamehe, kupunguza au kubadili adhabu. Anaweza pia kusaini hati ya kunyonga. Ambacho sheria haikusema ni lini. Rais Magufuli alisema hadharani Septemba 2017 kwamba hayuko tayari kusaini. Waliomtangulia tangu 1995 nao hawakunyonga mtu. Faili linakaa mezani, na mfungwa anakaa gerezani akijua kwamba kisheria anaweza kuitwa kesho.

Hali hiyo ina uzito wake kisheria. Mwaka 1993 Baraza la Faragha la London, ambalo ni mahakama ya mwisho ya rufaa kwa baadhi ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza, likisikiliza rufaa kutoka Jamaica katika kesi ya Pratt na Morgan, lilisema kumweka mtu zaidi ya miaka 5 akingoja kunyongwa ni adhabu ya kinyama kwa yenyewe. Kesi ya Kigula ilikaza zaidi: miaka 3 tangu rufaa ya mwisho ikipita bila kunyongwa, hukumu inageuka kuwa kifungo cha maisha. Kenya imetumia njia ya kufagia kwa mkupuo. Rais Kibaki alibadili hukumu za watu zaidi ya 4,000 mwaka 2009, Rais Kenyatta 2,747 mwezi Oktoba 2016, na mwaka 2023 Rais Ruto akafanya hivyo kwa waliohukumiwa kabla ya tarehe 21 Novemba 2022.

Mtu wa kamba na mtu wa haki za binadamu wana sababu ya kukutana hapa. Wa kwanza atasema: kama ni sheria, kwa nini mtu mmoja aisimamishe kwa kutosaini? Wa pili atasema: kama haitekelezwi, kwa nini watu waendelee kuhukumiwa? Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ambayo ripoti yake ilikabidhiwa Julai 2023, ilipendekeza kifo kisiwe adhabu pekee ya kosa hilo, na hukumu isiyotekelezwa ndani ya miaka 3 igeuke kuwa kifungo cha maisha.

Lakini maisha ni miaka mingapi? Anayetaka kamba ibaki huuliza hivyo kwa hofu ya msamaha wa sikukuu, na anayetaka ifutwe hana budi kuwa na jibu. Kenya ilionja ugumu wake: Julai 2023 Mahakama ya Rufaa iliyokaa Malindi ilisema kifungo cha maisha kisicho na kikomo nacho ni cha kinyama, ikampa mfungwa miaka 40, mwaka 2025 Mahakama ya Upeo ikautengua uamuzi huo. Mswada wowote wa kuifuta kamba usiposema mfungwa wa maisha ataangaliwa upya baada ya miaka mingapi, na nani, utazaa mabishano hayahaya kwa jina jingine.

Kisha kuna waliokwishahukumiwa. Kuondoa ulazima kunamaanisha kila mmoja arudi mbele ya jaji, na hapo uzoefu wa Kenya una faida. Mwongozo wa 2021 unamtaka jaji apime umri wa mkosaji, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, tabia na rekodi yake, kama kitendo kilikuwa jibu la ukatili wa kijinsia, majuto yake na uwezekano wa kurekebika. Mahakama ikaongeza mawili ambayo mwaka 2017 hayakuwemo: namna marehemu alivyouawa, na madhara kwa familia yake. Kwa hiyo afisa wa probesheni huenda mpaka kijijini kwa pande zote mbili, akiuliza ndugu wa mfungwa kama watampokea na ndugu wa marehemu wanasemaje. Kazi hiyo inahitaji nauli, muda na mwenendo wa kesi uliochapwa. Kesi za miaka ya nyuma mara nyingi hukwama kwenye hilo la mwisho, kwa sababu jaji hawezi kumhukumu mtu upya kutokana na faili lisiloonekana, na sheria mpya inapaswa kusema nani atagharimia kulitafuta.